Msaada wakuu: kamati imeamua kumvua uanachama msumbufu, barua ninayo mkononi. Nitume?

KatibuMchovu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni katibu wa chama cha kitaaluma. Taaluma yenyewe siitaji, tuko wachache na mtatutambua mara moja. Tuna mwanachama mmoja ambaye humu nitamwita Bwana Mwongozo, na mkisoma mtaelewa kwa nini.

Kazi anaijua, hilo simnyimi. Shida ni vikao. Mkutano wetu uliopita alisimama mara 11, nilihesabu mwenyewe kwenye muhtasari. Kila mara ni "Mwongozo wa mwenyekiti!", na akipewa nafasi haombi mwongozo wowote, anaanza hotuba. Tulikuwa na ajenda 7, tukamaliza 2. Watu waliokuja kwa nauli zao wakaondoka kabla hatujafika hata kwenye mengineyo.

Usiku anahamia kwenye kundi la chama. Ujumbe wa sauti wa dakika sita, saa nane za usiku, anamtaja mweka hazina kwa jina kwamba "amekula" fedha za semina. Ukimwambia alete ushahidi, anajibu ataupeleka mahali husika. Huko mahali husika hajawahi kufika.

Kilichojaza kibaba ni barua. Ameandika kwa wadau wetu, kwenye karatasi yenye nembo ya chama, kwamba kamati ni genge na wasishirikiane nasi mpaka tung'oke.

Juzi mwenyekiti akauliza kwenye kundi la kamati: tumvue uanachama? Tuko wajumbe 9. Saba waliweka dole gumba. Mmoja alikaa kimya. Wa tisa hayumo kwenye kundi tangu abadilishe namba, na hatukuhangaika kumtafuta kwa sababu yuko safarini na alishasema mwezi huu asihesabiwe. Katiba yetu inasema mwanachama "anaweza kuondolewa kwa mwenendo usiofaa". Basi, imekomea hapo.

Nimeambiwa niandike barua, nimeiandika, mistari mitatu. Nitume au nisubiri?

NyundoNzito

Tuma mkuu, unauliza nini? Jipu halipakwi mafuta, linatumbuliwa.

NipoPembeni

Nakaa hapa. Ngoja waje wazee wa vifungu.

MzeeWaVifungu

Nimekuja. Katibu, usitume. Hiyo barua ikitoka leo, huyo bwana atarudi chamani na amri ya mahakama, na safari hii atakuja na wapambe.

Nianze na madole gumba. Dole gumba si kura na kundi la simu si kikao, labda katiba yenu iseme hivyo. Tena jambo ulilolipitia haraka ndilo baya kuliko yote, yule mjumbe wa tisa. Mwaka 1920 mahakama za Uingereza zilishughulikia kesi ya klabu moja ya wanawake jijini London. Kamati ilimfukuza mwanachama, lakini mjumbe mmoja hakupelekewa taarifa ya kikao kwa kuwa alishasema hataweza kuhudhuria. Uamuzi ulibatilishwa. Hoja ilikuwa kwamba kila mjumbe ana haki ya kualikwa, aje asije. Huenda angesikia ajenda akaghairi safari. Huenda angeandika barua ikabadili mawazo ya wenzake. Nyinyi mmelifanya hilohilo, tena mmeliandika.

Pili, nani ana mamlaka? "Anaweza kuondolewa" na nani? Kamati? Mkutano mkuu? Kuna mwanamuziki aliyeitwa Bonsor, mwanachama wa chama cha wanamuziki huko Uingereza. Alikuwa na deni la ada la wiki 52, kwa hiyo kosa lilikuwepo na lilijulikana. Mwaka 1949 katibu wa tawi akamfuta kwenye orodha yeye peke yake. Kanuni zilisema kazi hiyo ni ya kamati ya tawi. Siku zile bila kadi ya chama mwanamuziki hapati kazi ya maana, akaishia kukwangua kutu kwenye gati la Brighton. Kesi ilipanda mpaka ngazi ya mwisho, na hukumu ya 1955 ikasema chama kilivunja mkataba wake na mwanachama na kinapaswa kulipa fidia. Mwenyewe alikuwa ameshafariki. Deni lilikuwa la kweli, ila aliyeshika kalamu hakuwa mwenye mamlaka ya kuishika.

Tatu, na hapa ndipo vyama vingi huanguka: hilo shitaka lenu ni lipi hasa? "Msumbufu" ni sifa, na mtu hahukumiwi kwa sifa yake. Ukimwandikia "wewe ni msumbufu", utetezi wake utakuwa "mimi si msumbufu", mtabishana hadi usiku wa manane na hakuna atakayeshinda. Ukimwandikia "tarehe fulani uliandika barua kwa fulani kwenye karatasi yenye nembo ya chama bila idhini, nakala imeambatishwa, jambo ambalo ni kinyume cha ibara fulani", ana majibu matatu tu: sikuandika, niliandika kwa idhini, au niliandika na hili ndilo lililonisukuma. Yote matatu mnaweza kuyapima.

Ukishamshitaki kwa kifungu kimoja, usimhukumu kwa kingine. Chama cha wafanyakazi wa mafuta huko Trinidad kilifanya hivyo. Mwanachama alishitakiwa kwa makosa ambayo adhabu yake ya juu ni faini, halafu akafukuzwa kwa kifungu cha "kuharibu maslahi ya chama" ambacho hakuwahi kuambiwa kwamba kinamhusu. Mwaka 1961 Baraza la Rufaa kule London likamrudisha.

Chana hiyo mistari mitatu.

KatibuMchovu

Mzee nimekusoma, lakini kusema kweli umeniongezea mzigo. Huyu mtu makosa yake yanajulikana na kila mtu. Kuna wanachama zaidi ya mia walioyaona kwa macho yao. Kumwita tena ajieleze ni kumpa jukwaa la bure. Anachokitafuta ndicho hichohicho!

MzeeWaVifungu

Najua. Kila kamati husema hivyo, na huenda ni kweli.

Soma kisa cha Richard Bentley, mkuu wa Trinity College pale Cambridge. Huyu hakuwa mtu wa kusingiziwa. Aligombana na wenzake kwa miongo, kesi juu ya kesi. Mwaka 1718 alipelekewa wito wa mahakama ya chuo kikuu, akautolea maneno ya dharau, wakakasirika na kumvua shahada zake zote bila kumwita kumsikiliza. Walikuwa na sababu? Walikuwa nazo. Mwaka 1723 mahakama ya mfalme ikaamuru arudishiwe. Jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita: "Uko wapi? Je, umekula matunda ya mti ule niliokukataza?" Mungu alikuwa hajui kama Adamu amekula? Alijua. Akauliza hata hivyo.

Sasa nyinyi kamati ya watu 9 mna uhakika kuliko huo?

NyundoNzito

Mzee kwa Adamu hapo umeua. Lakini Adamu alifukuzwa vilevile 😂

MzeeWaVifungu

Alifukuzwa, baada ya kujieleza. Tena alimtupia lawama mwenzake, kama watakavyofanya wote utakaowahi kuwaita.

SikioLaTatu

Mbona wote mnakwepa swali ambalo ni kubwa kuliko yote? Fedha za semina zililiwa au hazikuliwa?

Katibu ameandika aya sita na hakuna mahali amesema "tulikagua, hesabu ziko sawa". Kasema jamaa hana ushahidi. Mwanachama wa kawaida atautoa wapi ushahidi? Hati za malipo anazo nani? Anazo mweka hazina, na mweka hazina yumo kwenye kamati, na bila shaka dole lake gumba ni mojawapo ya yale saba.

Nasema hivi kwa sababu historia ya vyama vya wasomi imejaa watu walioitwa wasumbufu kumbe walikuwa wanasema jambo. Mwaka 1919 mwanaanthropolojia Franz Boas aliandika barua gazetini Marekani akilaani wenzake wanne waliofanya ujasusi huku wakijifanya watafiti. Hakuwataja majina. Siku kumi baadaye chama chao cha wanaanthropolojia kilipiga kura 20 kwa 10 kumlaani yeye Boas, na akaondolewa kwenye baraza la chama. Majasusi hawakuguswa. Chama kilifuta azimio hilo mwaka 2005, Boas akiwa kaburini zaidi ya miaka 60. Na Umoja wa Waandishi wa Kisovieti ulimfukuza Boris Pasternak mwaka 1958, ukamrudisha 1987, naye ameshafariki tangu 1960.

Sisemi Bwana Mwongozo ni Boas. Huenda ni mpiga kelele tu. Ila kabla hamjamfukuza, mtenganishe anayesumbua chama na anayewasumbua nyinyi viongozi. Hao ni watu wawili tofauti hata wakivaa shati moja.

KatibuMchovu

SikioLaTatu umenigusa pabaya. Ni kweli, dole la mweka hazina limo. Na ukaguzi maalumu wa semina hatujafanya. Tulisema tukifanya tutakuwa tumemtii.

HazinaMstaafu

Nimekuwa mweka hazina wa chama kwa miaka sita, nikaacha. Naomba mnisikilize na mimi.

Hamjui kutuhumiwa wizi mbele ya watu unaofanya nao kazi kunafananaje. Unakwenda kwenye semina ya kikazi, mtu anaacha kuongea ukikaribia. Mke wangu alisikia kutoka kwa watu wengine. Kwa hiyo tusimgeuze huyu bwana kuwa shujaa kwa sababu tu alitaja fedha. "Amekula" ni neno zito, na anayelisema saa nane za usiku bila karatasi hata moja anajua anachofanya.

Lakini ushauri wangu kwa mweka hazina wa katibu ni uleule niliochelewa kuufuata mimi: *omba ukaguzi wewe mwenyewe, kwa maandishi, leo.* Usisubiri kuombewa. Na ujitoe kwenye kila kikao kinachomjadili huyo mtu. Ukikaa hapo kama mjumbe, kesho hata ukiwa safi kama pamba watasema ulimfukuza ili ufunike. Kama ameumia jina ana njia yake ya kufungua kesi ya kashfa, aende nayo kama mtu binafsi. Asitumie chama kulipiza.

MzeeWaVifungu

Hapo Hazina amenisaidia kusema lililobaki. Mwaka 1606 chuo cha matabibu jijini London kilimtoza faini daktari Thomas Bonham na kumfunga. Mwaka 1610 Jaji Coke akauliza: faini nusu yake inaingia kwenye mfuko wa chuo, na chuo ndicho kinachohukumu, sasa hapo hakimu ni nani na mdai ni nani? Miaka 400 na zaidi, na bado watu wanakaa kwenye viti vyote viwili.

Undeni jopo la watu watatu wasio kamati. Wazee wa chama, wanachama wa zamani wasio na ugomvi na upande wowote. Kamati ilete mashitaka, jopo lisikilize. Rufaa iende mkutano mkuu.

Utaniuliza: katiba haina utaratibu huo, tutautoa wapi? Kuongeza utaratibu wa kumsikiliza mtu hakumdhulumu, pitisheni kwenye kikao halali mwendelee. Msichoweza kufanya ni kuandika *kosa* jipya leo na kumhukumu nalo kwa tendo la jana.

WaziMlango

Samahani wakuu, mimi nitakuwa sauti ya upinzani hapa.

Haya yote mnayosema, wito, jopo, rufaa, yanamlinda mtu mmoja. Wale 100 wanalindwa na nani? Katika chama changu tulikuwa na mtu wa namna hii. Tulifuata utaratibu, tukaunda jopo, tukaahirisha mara tatu kwa sababu yeye "anaumwa". Ilichukua mwaka na nusu. Katika mwaka na nusu huo, vijana waliacha kuja mikutanoni. Wasichana wawili wazuri sana kikazi waliniambia baadaye kwamba walichoka kukatizwa kila wakifungua mdomo. Hawakuandika barua wala hawakuomba kujieleza. Waliacha tu kulipa ada.

Mnahesabu dhuluma kwa yule aliyefukuzwa kwa sababu jina lake liko kwenye muhtasari. Walioondoka kimyakimya hawana muhtasari.

NipoPembeni

Duh.

MzeeWaVifungu

WaziMlango, hilo sina jibu lake kamili na sitajifanya ninalo. Umesema kweli.

Nitakachosema ni kwamba haki ya kusikilizwa haina maana ya haki ya kuchelewesha. Ahirisha mara moja kwa sababu ya maana. Mara ya pili mpe achague: alete utetezi wa maandishi au jopo liendelee bila yeye, na hilo liandikwe kwenye barua ya wito tangu mwanzo. Na kama katiba inaruhusu, asimamishwe kwa muda wakati tuhuma zinasikilizwa, kwa tarehe ya mwisho inayojulikana. Kusimamishwa bila tarehe ni kufukuzwa kwa jina la utani. Mwaka na nusu ni aibu ya jopo lenu, si ya utaratibu.

KitiChaMbele

Nimeongoza vikao kwa muda mrefu, na nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aulize: mara 11 alizosimama, mwenyekiti alikuwa wapi?

Mtu hawezi kuteka mkutano peke yake. Anahitaji mwenyekiti anayeogopa. Yule mhandisi wa jeshi la Marekani, Henry Robert, aliyeandika kanuni za vikao mwaka 1876 zinazotumika mpaka leo, alianza kujifunza mambo hayo kwa sababu mwaka 1863 alipewa kuongoza mkutano wa kanisa ukamshinda, ukavurugika mikononi mwake. Alikwenda nyumbani ameaibika akaanza kusoma. Hakuanza kutafuta wa kumfukuza.

Katibu, kabla ya kikao kijacho pitisheni kanuni tatu tu. Dakika tatu kwa msemaji, saa ikiwa mezani na kila mtu anaiona. Aliyekwisha kuchangia hoja hachangii tena mpaka ambao hawajasema waishe. Na anayeomba mwongozo ataje kanuni iliyovunjwa ndani ya sentensi moja, la sivyo anakaa. Hizi ni za wote, si zake. Mwenyekiti mwenyewe azifuate, hasa ile ya dakika tatu, maana wenyeviti nawajua.

Akikaidi, mwenyekiti anamwonya kwa jina. Akirudia, katibu anaandika maneno yake yaleyale aliyoyasema, neno kwa neno, na kuyasoma. Akirudia tena, mkutano unapiga kura atoke ukumbini kwa siku ile. *Kumtoa ukumbini si kumtoa chamani.* Watu huchanganya haya mawili, hawafanyi la kwanza kwa woga, halafu wanarukia la pili kwa hasira. Na ukifika siku ya jopo, una kumbukumbu: tarehe, onyo, maneno. Sasa hivi una nini? Una hesabu ya 11 na uchovu.

MkuuWaDawati

Swali dogo. Chama chenu ni cha hiari au ndicho kinachotoa leseni ya kazi? Maana ni vitu viwili tofauti. Andrew Wakefield, yule wa utafiti wa chanjo, mwaka 2010 baraza la madaktari la Uingereza lilimfuta kwenye daftari, na tangu hapo hakuweza kutibu huko. Baraza lile ni la kisheria, lilikaa kusikiliza kwa miezi mingi. Chama cha hiari hakimnyimi mtu kazi. Kadiri uamuzi wenu unavyogusa riziki yake, ndivyo hatua zinavyopaswa kuwa nzito.

KatibuMchovu

Ni cha hiari. Ila waajiri wengine wanauliza cheti chetu, kwa hiyo riziki inaguswa kidogo.

MkuuWaDawati

Basi usiseme "kidogo".

NiliyeFukuzwa

Nimejisajili leo ili nijibu uzi huu. Nilikuwa Bwana Mwongozo wa chama kingine.

Niliona takwimu ambazo hazikukaa sawa kwenye taarifa ya mwaka. Nikauliza kikaoni, nikaambiwa tutalijibu. Kikao cha pili, tutalijibu. Cha tatu nilipaza sauti, na ukumbi mzima ukanyamaza ukanisikiliza. Sitawadanganya, niliipenda ile hali. Baada ya hapo sikuwa nauliza tena takwimu, nilikuwa nautafuta ule ukimya. Hilo limenichukua miaka kulikubali.

Nilijua nimefukuzwa siku nilipofungua simu nikakuta nimetolewa kwenye kundi. Barua ilifika wiki tatu baadaye, mstari mmoja: kamati imejiridhisha kwamba mwenendo wangu hauendani na maadili ya taaluma. Mwenendo upi? Maadili yapi? Mpaka leo sijui kosa langu kwa maandishi. Nilikuwa na makosa, mengi, ila wao ndio walionipa sababu ya kujiona nimeonewa, na nimeishi na sababu hiyo kwa raha sana.

Kuna mtu mmoja tu angeweza kunizuia. Mwalimu wangu wa kazi, naye alikuwa mwanachama. Baada ya kile kikao cha tatu alinitazama kama anataka kusema kitu, halafu akaondoka. Angeniita pembeni akaniambia "Mwanangu, swali lako ni zuri na wewe unaliua", ningemsikia. Nina hakika ningemsikia. Katibu, je, kuna mtu yeyote ambaye Bwana Mwongozo anamheshimu na ambaye ameshakaa naye? Si kamati. Mtu.

KatibuMchovu

Hapana. Hakuna aliyekaa naye. Tumemjadili sana, ila kuongea naye, hapana.

Barua situmi. Nitarudi na mrejesho.

KatibuMchovu

Wakuu, mrejesho. Nimechelewa wiki tisa, mniwie radhi.

Mweka hazina aliomba ukaguzi mwenyewe. Alilia kwanza, halafu akaomba. Matokeo: fedha za semina zilitumika kwenye semina. Ila malipo mawili hayana stakabadhi, alilipia ukumbi kwa fedha taslimu akaamini neno la mtu. Hakula. Alizembea. Sasa kila malipo yana saini mbili, na taarifa ya mkaguzi imesambazwa kwa wanachama wote bila kukatwa hata ukurasa.

Mzee mmoja aliyemfundisha kazi Bwana Mwongozo alikwenda kuongea naye. Sijui walisema nini. Ujumbe wa usiku ulikoma, vikao havikutulia sana.

Kamati ilikaa kikao cha kweli, wajumbe wote 9 walialikwa, hata msafiri, na ndiye aliyetoa hoja tuondoe "usumbufu" kwenye mashitaka! Zilibaki tuhuma mbili: kutumia nembo bila idhini, na kukaidi agizo la mwenyekiti kwa tarehe na maneno yaliyoandikwa. Siku 21 za kujibu. Jopo la watu watatu. Alikuja na rafiki yake, akaongea dakika 40, nembo akakiri, la pili akalikana mpaka aliposomewa maneno yake mwenyewe.

Jopo halikumvua uanachama. Lilimsimamisha mpaka mkutano mkuu, miezi minane, asitumie jina wala nembo ya chama, na awaandikie wale wadau kufuta barua ile. Tangazo kwa wanachama lilikuwa sentensi mbili bila kivumishi hata kimoja, nadhani MzeeWaVifungu atafurahi.

Si wote walioridhika. Wajumbe wawili wa kamati wanasema tumemwogopa. Mmoja amejiuzulu.

WaziMlango

Na wale waliokuwa wameacha kuja?

KatibuMchovu

Nilipiga simu 14. Watano wamerudi. Wengine walishukuru kwa adabu, wakasema watafikiria.

MzeeWaVifungu

Kwa hizo simu 14 umefanya kazi ambayo hakuna kifungu kinachoiagiza. Na tangazo bila vivumishi nimelipokea. Wakimrudisha, cheti chake kirudi kwenye daftari siku ileile, msimzungushe.

NyundoNzito

Kwa hiyo baada ya yote haya jamaa bado yupo? 😂

KatibuMchovu

Yupo. Amekata rufaa, ni ajenda ya tatu mkutano mkuu. Zile kanuni za KitiChaMbele zilipita kwa kura nyingi, na saa ya mezani nimeshainunua. Jana ameniandikia kwa adabu zote akiomba mwongozo: je, zile dakika tatu zinaanza kuhesabiwa kabla ya salamu au baada yake?